Kidole Kisichokunjika

Ukienda kufanya mazoezi kwenye ukumbi wa watu, kata kucha kwanza. Hiyo ndiyo adabu ya mwanzo ya jiujitsu, na ukiikosa hakuna atakayekumbuka ufundi wako, watakumbuka mikwaruzo. Pili, omba ruhusa kwa mwenyeji kabla hujakanyaga mkeka. Tatu, ndala zako zikae ukingoni, zisiingie ndani hata kwa bahati mbaya. Nne, na hii ndiyo kubwa kuliko zote, mwenzako akigonga, mwachie. Akikugonga mwilini kwa kiganja, au akigonga mkeka mara mbili tatu, maana yake amekubali kushindwa, yatosha. Unaachia papo hapo, humalizii, huongezi chumvi. Mchezo mzima umesimama juu ya hilo. Watu wazima wenye kazi zao na watoto wao wanakubali kukabwa shingo na kupindwa viungo na mtu waliyemjua dakika kumi zilizopita, kwa sababu wanaamini kwamba wakigonga wataachiwa.

Mimi niliwahi kugongewa na sikuachia. Nalisema mapema, msije mkanihurumia bure.

Kazi yangu ni kupima mizani. Kila ghala, kila kiwanda na kila hospitali ina mizani, na mizani ikizeeka huanza kusema uongo, haina tofauti na sisi. Natembea na sanduku la mawe ya chuma. Naweka jiwe la kilo ishirini, natazama mizani inasema kilo ngapi, na kama inadanganya nairekebisha au naifunga. Kampuni hunituma mji huu wiki hii, mji ule wiki ijayo. Wenzangu wakifika ugenini hutafuta mahali penye chakula kizuri. Mimi, tangu mwaka jana, nilikuwa natafuta ukumbi wa jiujitsu. Ndani ya mkoba wangu, chini ya nguo za kazi, kulikuwa na koti jeupe la mazoezi na mkanda wa zambarau uliochujuka. Nilikuwa namtafuta mdogo wangu.

Kwetu tulizaliwa wawili tu. Mimi wa kwanza, yeye kitindamimba, na katikati yetu miaka tisa. Mama alikuwa kwenye cherehani kutwa nzima, kwa hiyo mtoto alikulia mgongoni kwangu. Nilimfundisha kufunga kamba za viatu, kuvuka barabara, na uongo mdogo mdogo wa kuepuka fimbo. Alipofika miaka kumi na minne nikampeleka ukumbini nikamfundisha kufunga mkanda. Alikuwa mwembamba hadi wakamwita Sindano. Nilimwambia, ukishika mkono wa koti la mtu, funga vidole vyote vinne, na cha mwisho ndicho kufuli. Kidole kidogo kikilegea, umeshika hewa. Alilishika hilo kuliko mambo yote ya shule.

Alipofika miaka ishirini na mmoja akanishinda. Ilikuwa Jumatatu, mbele ya watu, na kusema kweli alinishinda vizuri, nikagonga mara mbili. Nyumbani hapakukalika. Tukiketi kula anagonga meza mara mbili, huku ananitazama. Nikipita mlangoni anagonga ukuta. Mama alicheka hadi akaweka kijiko chini. Na mimi nilicheka, lakini kilikuwa kicheko cha meno. Mtu mzima wa miaka thelathini, na bado meza ilikuwa inanikosesha usingizi.

Jumamosi tukakutana tena mkekani. Nikampata mkono, nikaubana, na kidole chake kidogo kilikuwa kimenasa ndani ya mkono wa koti langu, kimekunjwa vibaya. Akagonga. Nilisikia. Nikajisemea moyoni, gonga tena basi, si unapenda kugonga? Akagonga tena. Aligonga mara nne, na ile ya nne aligonga kwa nguvu hadi watu wa pembeni wakageuka, na mimi nikazungusha. Kidole kikalia.

Mwalimu wetu wa wakati ule akauliza kulikoni. Nikasema, "Sikusikia." Nyumbani Mama akauliza, na mdogo wangu, mkono umefungwa bandeji, akamjibu, "Niligonga mara nne, Mama. Alisikia." Mama akanitazama mimi.

"Sikusikia, Mama," nikasema.

Basi Mama akamgeukia yeye. "Usimsingizie dada yako. Aliyekubeba mgongoni akuvunje makusudi? Acha uongo."

Kidole hakikupona sawasawa. Bandeji ilipotoka, kilikuwa kimenyooka kama msumari na hakikukunjika tena. Wiki iliyofuata mdogo wangu akafungasha. Alisimama mlangoni na begi lake, akazungumza na Mama tu, mimi hakunitazama. "Siku mtakayoniamini," akasema, "mtanitafuta." Namba yake ya simu ikafa siku hiyohiyo.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda miaka kumi na mitatu. Mama alikuwa akisema ni hasira za ujana, atarudi, nami naitikia, atarudi. Niliacha mazoezi. Waliouliza niliwaambia ni magoti.

Mwaka jana moyo wa Mama ukaanza kuchoka. Jumapili moja nilikuwa namkata kucha, nimemaliza mkono mmoja nimeshika wa pili, akaniuliza huku anatazama dirisha, "Hivi kweli hukusikia?"

Sijui kwa nini siku hiyo sikuweza. Pengine ni kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi mno kiganjani kwangu, na mimi uzito naujua.

"Nilisikia, Mama."

Akauvuta mkono. "Kumbe ni mimi niliyemwita mwanangu mwongo," akasema. Kisha akanirudishia mkono nimalizie kucha. "Mtafute. Si kwa kutuma watu. Mtazame usoni umwambie kwamba ulisikia. Na umwambie mama yake anamwamini."

Kutafuta mtu bila namba wala anwani si kazi ndogo, lakini nilijua jambo moja: popote alipo, yuko mkekani. Mtu wa aina ile angeacha kula kwanza. Nikatoa koti langu kabatini, nikaliloweka mara tatu hadi ukungu ukatoka, nikamwambia bosi kwamba safari ambazo wenzangu wanazikataa anipe mimi.

Mji wa kwanza ukumbi ulikuwa juu ya duka la matairi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wale walinipa jembe dakika ya tatu. Walinipangia bwana mmoja mpana kama kabati, akanikalia kifuani hadi nikakumbuka dhambi za shule ya msingi. Mji wa pili walitumia bwalo la shule, na mikeka ilibebwa kutoka stoo na kila mtu, mgeni akiwemo, na ikarudishwa vilevile. Mji wa tatu mama mmoja muuguzi alinifungua mkanda akaufunga upya, akidai fundo langu ni la enzi za bibi yake. Kila nilipokwenda niliuliza: mnamjua mtu mwembamba, wanamwita Sindano, kidole kimoja hakikunjiki? Watu wa mchezo huu, wakishamaliza kukukaba, wana roho nzuri. Walifikiri, wakapiga simu kumbi nyingine, wakanipa maji ya kunywa. Hakuna aliyemjua.

Kila jioni nilimpigia Mama.

"Yupo?"

"Hapa hayupo, Mama."

"Haya. Kesho tena."

Baada ya mji wa nne hapakuwa na wa kumpigia. Nilikuwa nimesimama kwenye mizani ya magari ya mizigo, lori limepanda juu na dereva wake anapiga honi, wakati jirani yetu aliponipigia. Tulimzika mwezi wa tatu, tarehe ishirini na moja. Mjomba aliuliza mbele ya watu kwa nini mama wa watoto wawili amezikwa na mmoja. Nikamjibu kwamba mdogo wangu yuko mbali. Halikuwa uongo, na ndiyo maana lilinitoka bila kukwama.

Nikarudi safarini. Nilikuwa na maneno mawili ya kumpelekea, sasa yakawa matatu, na hilo la tatu sikujua nitalianzia wapi.

Mji wa saba nilifika mwezi wa nane. Mchana nilipima mizani ya hospitali, ile ya kupimia watoto wachanga, ambayo ilikuwa inaongeza gramu mia mbili na kuwafurahisha wazazi bure. Saa kumi na moja nikapanda ngazi za nje za karakana ya samani. Ghorofa ya chini walikuwa wanapiga vanishi, na harufu yake ilipanda nami hadi juu. Chumba kilikuwa kirefu, mikeka ya bluu iliyoungwa kwa utepe wa gundi, feni mbili, moja ikizunguka na nyingine pambo. Ukutani saa kubwa ya kuhesabu dakika. Ndala kama jozi kumi na mbili zilikuwa zimepangwa ukingoni, nikaweka zangu mwisho.

Aliyenipokea alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mwokaji wa mikate, ametoka kazini na unga bado uko nyuma ya sikio.

"Shikamoo, dada. Mgeni?"

"Marahaba. Mgeni. Naomba kufanya mazoezi leo, kama mwalimu ataruhusu."

"Mwalimu bado yuko gereji, ananyoosha mabodi ya magari. Anafika kumi na mbili. Sisi huwa tunaanza kupasha moto wenyewe. Karibu sana, twende nikuonje."

Tukapiga magoti. Akanishika mkono wa koti, na nikahisi kitu kisicho cha kawaida. Vidole vitatu vilikuwa vimefunga. Kidole kidogo kilikuwa nje, kimenyooka. Nikadhani amekiumiza, nikawa namchukulia taratibu. Yeye hakunichukulia taratibu. Alinipindua mara mbili na ya tatu akanipiga kabali nikagonga, akaniachia mara moja, tukacheka.

Akaja dereva wa lori, jitu la watu, jasho linamtiririka kabla hatujaanza. Akanishika. Vidole vitatu, kidogo kiko nje. Nikageuza kichwa. Pembeni walikuwa wawili wanavutana, na kila mmoja kidole chake kidogo kimesimama. Nikatazama chumba kizima. Watu kumi na wawili, wenye mikanda myeupe, ya bluu na ya zambarau, wanakabana kufa na kupona huku vidole vidogo viko juu, wote kama mabibi wanaokunywa chai ukweni.

Nikamwomba dereva radhi, nikaenda kukaa ukutani. Nilifungua mkanda na kuufunga mara tatu. Mwokaji akanifuata na chupa ya maji.

"Nikuulize," nikamwambia. "Mbona hamfungi kidole kidogo?"

Uso wake ukachangamka. Ilikuwa wazi anapenda kuulizwa hilo. "Hiyo ndiyo siri ya hapa kwetu, dada. Kidole kidogo ni mdokozi, kinaiba nguvu za wenzake. Ukikiweka nje, vitatu vinabaki na nguvu zote."

"Mwalimu ndiye aliyewaambia hivyo?"

"Hajasema kwa mdomo. Lakini yeye ndivyo anavyoshika, siku zote, na hakuna anayeweza kumtoa. Mambo mengine mwalimu hasemi, unaiba kwa macho." Akanitazama vizuri. "Vipi, umeumia? Machozi yanakutoka."

"Vanishi," nikasema. Nilikuwa nimeapa kuacha uongo, lakini huo ulinitoka wenyewe.

Wale watu walikuwa wamejinyima kufuli. Kwa miaka, kila jioni, walikuwa wanajifunza kwa bidii jeraha nililomtia mimi, na wanaliona ni ufundi.

Kumi na mbili kamili nikasikia hatua ngazini. Sindano alikuwa amenenepa. Ndevu zimeanza kuingia mvi, mabega yamejaa, na kiunoni ana mkanda mweusi uliochakaa pembeni, maana yake si wa jana wala juzi. Akainama ukingoni mwa mkeka kama inavyotakiwa, akainua kichwa, akaniona.

Alisimama pale kwa muda wa pumzi mbili hivi. Kisha akaingia, akasalimia mmoja mmoja kwa mkono, hadi akanifikia.

"Karibu, mgeni," akasema.

"Asante, Mwalimu."

Neno hilo liliniuma, lakini nililistahili. Akafundisha somo lake kama kawaida, kabali ya kutokea mgongoni, sauti yake ikiwa tulivu. Alipokuwa akielekeza, alitumia maneno yangu. "Usivute kwa hasira," aliwaambia, "hasira ina mikono mifupi." Nilimwambia hivyo akiwa na miaka kumi na mitano, na mimi niliyemfundisha ndiye niliyesahau.

Ukafika wakati wa kukabana. Saa ya ukutani ililia kila dakika sita, watu wakabadilishana. Kwa raundi ya mwisho akasema bila kunitazama, "Mgeni atamalizia na mimi." Ndiyo desturi, mgeni humaliza na mwenye ukumbi. Tukapiga magoti, tukagonganisha viganja, halafu ngumi. Akanishika mkono wa koti. Vidole vitatu vikafunga, cha nne kikalala kimenyooka juu ya mkono wangu.

"Umewaona?" akaninong'oneza.

"Nimewaona. Wote vidole juu."

"Nimeshindwa kuwakataza. Wangeuliza changu kiliharibikaje."

"Ungewaambia."

"Niwaambie nini, Dada?"

Akanipindua kabla sijajibu. Alikuwa mzuri kuliko nilivyowahi kuwa. Kila nilipotokea alikuwa ameshafika. Halafu, katikati ya kupinduana, mkono wake ukaja kwangu, ule wa siku ile, na sijui hadi leo kama niliupata au alinipa. Nikaubana kati ya magoti, nikaanza kuunyoosha. Kiganja chake kikanigusa pajani mara moja tu, kwa ulaini, kama anafukuza nzi. Niliachia kwa haraka hadi nikaanguka chali.

Tukabaki tumelala pale, vichwa vikiangalia dari. Pande zote watu walikuwa wanahema na kuburuzana.

"Nilisikia," nikasema.

"Nini?"

"Siku ile. Nilisikia mara zote nne."

Feni moja ikazunguka, nyingine ikatutazama.

"Nilijua kwamba ulisikia," akasema hatimaye. "Nilichokuwa nataka ni useme."

"Nimesema. Na Mama nilimwambia. Alisema nikutazame usoni, nikuambie kwamba anakuamini. Anasema yeye ndiye aliyekosea."

Akainuka akaketi. Uso wake ulifunguka wote, nikamwona kijana wa miaka kumi na minne aliyefunga mkanda vizuri kwa mara ya kwanza. "Mama kasema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Akacheka, akajifuta macho kwa mkono wa koti. Mimi ni mwoga. Nilimpa asali kwanza kwa sababu nilitaka kuiona sura hiyo, nikiwa najua kinachofuata. Akanigeukia, bado anatabasamu, akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza.

"Mama hajambo?"

Ningeweza kusema hajambo. Neno lilikuwa pale mdomoni, na angelala usingizi mzuri usiku mmoja. Saa ya ukutani ikalia, raundi ikaisha, watu wakaanza kuachiana na kushukuriana.

"Mama ametutoka, mdogo wangu. Mwezi wa tatu. Moyo. Nilikuwa nakutafuta wakati huo."

Tabasamu lilichelewa kuondoka, lilikuwa halijapata habari. Kisha akainamisha kichwa, na mkono wake ukashuka mkekani. Akagonga. Mara mbili, halafu tena mara mbili, kwa kiganja, taratibu. Safari hii nilisikia, na sikuwa na kitu cha kuachia.

"Huu mkanda nilitaka Mama auone, ninao mwaka wa tatu sasa," akasema, bado ameinama. "Kila likizo nasema nitakwenda. Halafu nasema hapana, nilisema watanitafuta. Nilikuwa nangoja mnitafute."

"Na sisi tulikuwa tunangoja urudi."

Miaka kumi na mitatu, watu watatu, kila mmoja ameketi mlangoni kwake akimngoja mwenzake agonge.

Wanafunzi wake walikuwa wameshajipanga. Mazoezi ya jiujitsu hufungwa kwa mstari, mikanda ya vyeo vya juu mbele na ya chini nyuma, mgeni mwishoni kabisa, na mwalimu anasimama mbele yao. Wanainamiana, halafu kila mtu anapita kumpa mkono kila mtu. Hakuna anayeondoka kabla mwalimu hajafunga. Walimngoja wakiwa kimya, maana walikuwa wamemwona akigonga peke yake. Nikasimama, nikaenda mahali pangu, mkiani.

Naye akasimama. Akafunga koti lake, akakaza mkanda, akaja mbele.

"Leo nimepata habari," akawaambia. "Nimefiwa na mama yangu."

Akainama, nao wakainama. Wa kwanza akatoka akampa mkono. "Pole, Mwalimu." Wa pili, "Pole sana, Mwalimu." Dereva wa lori akamkumbatia hadi miguu ikainuka. Mwokaji alikuwa analia waziwazi, unga wa nyuma ya sikio umekuwa uji. Walimaliza kwake wakashuka kwenye mstari, mmoja baada ya mwingine, hadi kwangu.

"Asante kwa kuja, dada," wa kwanza akaniambia, akanipa mkono.

"Asante."

"Safari njema."

"Karibu tena siku nyingine. Leo imekuwa siku mbaya, utusamehe."

Nilishukuru kila mmoja. Nilikuwa nimefika pale nikiwa mgeni na sikuona haki ya kudai kingine. Mikono ikaja, mikono ikaenda, nami nikatazama ukingoni ambako ndala zangu zilikuwa za mwisho, nikifikiria ngazi na basi.

"Ngojeni," mdogo wangu akasema.

Mstari ukasimama. Alikuwa ananitazama kutoka upande wa pili wa mkeka, na sauti yake, iliyokuwa imetulia jioni nzima, haikutulia tena.

"Huyo naye mpeni pole. Ni dada yangu. Mama yetu ni mmoja."

Kisha mwokaji akarudi, yeye aliyekuwa ameshanipita, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Pole, dada," akasema. Nyuma yake akarudi dereva, na wa nyuma yake, wote wakaanza upya, na mimi niliyekuwa nimesimama imara makaburini siku ile mbele ya Mjomba na maneno yake, nililia pale mbele ya watu ambao hata majina yao siyajui.

Wa mwisho alikuwa yeye. Akanipa mkono ule ule.

"Pole, Dada."

"Pole nawe."

Vidole vitatu vikafunga juu ya mkono wangu. Cha nne kikabaki kimenyooka.